Kidole Kimoja Kilichobaki

Ekalakala, Jumapili mchana

Mwaitu,

Mama yangu, barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Nilikuwepo walipokufunika kwa udongo mwekundu wa Wamunyu, na mimi ndiye niliyebaki nyuma kuokota majembe. Ya kwangu ndiyo nimekuja kukueleza.

Niwie radhi kwa mwandiko. Hukujua kusoma, lakini mwandiko mzuri uliujua ukiuona. Ulikuwa unashika daftari langu mbali kidogo na macho na kusema, "Herufi za Mwende zinasimama wima kama wanakwaya." Leo zimelala. Vidole vinaniuma. Sababu utaisikia, lakini niache nifike polepole, maana nikianzia mwisho utanikasirikia kabla hujanisikiliza.

Nyumbani si kubaya sana. Mdogo wangu Ndinda ameingia kidato cha tatu na anavaa sweta yako kila asubuhi, hata jua likiwaka. Nikimwambia ataiharibu, ananiambia, "Wewe ulichukua blauzi, niachie sweta." Kuku wawili wameliwa na mwewe. Kiondo ulichokiacha nusu bado kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, nyuzi zake zikiwa wazi kama nywele ambazo hazijasukwa. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Mimi sikujua hata pa kuanzia. Kila nilipoketi karibu nawe nikashika mkonge ulinipiga kofi mkononi: "Weka chini. Mikono yako ni ya kalamu."

Basi sikiliza ilivyokuwa kwa hiyo mikono ya kalamu.

Miezi miwili baada ya kukuzika, tangazo lilisomwa kanisani. Kampuni moja ilitafuta makarani wa usajili, vijana wenye cheti, wawaandikishe wazee wanaopokea mwolyo kwa mashine ya alama za vidole. Walisema safari hii chakula cha msaada hakitapotelea njiani, kwa sababu gunia halitatoka bila kidole cha mwenyewe. Nilisikia neno "makarani" na moyo ukaruka. Nilijiandaa kwa mahojiano siku tisa. Niliandika maswali thelathini na majibu yake, nikayakariri nikiosha vyombo. Nilijua jinsi faili inavyofunguliwa, inavyotunzwa na inavyofungwa. Ndinda ndiye aliyekuwa ananihoji, ameweka miguu juu ya stuli kama bosi.

Ofisi yao iko mjini Machakos, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la mama mmoja Msomali. Nilifika saa moja asubuhi nimevaa blauzi yako nyeupe ya kwaya, nimeibana kwa pini mgongoni maana ulikuwa mpana kunishinda. Tulijaa ngazi nzima hadi chini. Yule mama alikuwa akitoka kila mara kutukemea, "Watoto, simameni upande mmoja, wateja wapite. Kazi iko juu. Hapa ni mashuka tu." Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nakariri.

Niliitwa saa tisa. Meneja alikuwa anatafuna njugu. Aliniuliza ninatoka wapi. Wamunyu. Kama naongea Kikamba cha wazee. Ndiyo. Kama simu yangu inashika chaji. Ndiyo. "Haya, Jumatatu mafunzo. Mwambie anayefuata aingie."

Hakuna aliyeifungua faili, Mwaitu. Ile faili ya buluu uliyoifunga kwa nailoni ili vumbi lisiingie, yenye kile cheti ambacho mbuzi wako wawili waliuzwa kwa ajili yake. Niliiweka mezani mbele yake. Aliiona. Aliweka maganda ya njugu juu yake.

Nilishuka ngazi nikilia, na yule mama Msomali akanishika mkono. "Wamekukataa?" Nikamwambia wamenichukua. Akanitazama tena vizuri. "Wallahi, sasa wewe unalia nini?" Nilikuwa na majibu thelathini na hilo halikuwamo.

Mafunzo yalikuwa wiki mbili, katika ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Mkufunzi wetu alikuwa Bwana Kyalo, mtu wa mzaha mwingi na manukato mengi. Siku ya kwanza alitufundisha kuiwasha tableti. Siku ya pili stima ilipotea, tukakaa hadi jioni tukinywa chai. Siku ya tatu tulipigwa picha tukitabasamu, zipelekwe kwa wafadhili. Nilikuwa nimenunua daftari jipya la kuandika masomo. Ukurasa wa kwanza una tarehe. Wa pili una kauli iliyokuwa kwenye bango la ukutani: KILA MTU NA ALAMA YAKE. Wa tatu hauna kitu.

Siku ya nne niliinua mkono, nikauliza wale ambao vidole vyao vimelika kwa kazi tutawaandikisha vipi.

"Msomi!" alisema Bwana Kyalo. "Hilo ni swali la mtihani. Tutalijibu huko shambani." Watu walicheka, nikakaa.

Unajua kwa nini niliuliza. Nilikuwa darasa la saba. Ukame ule ambao tulichimba mto Wamunyu hadi tukapata matope tu. Ulienda kuandikishwa, na kijana wa mashine alikusugua kidole gumba kwa kitambaa, kwa mate, kwa limau, na mwisho akakuambia mbele ya watu, "Mama, hii kidole imekufa." Ukamjibu, "Haijafa. Imefanya kazi." Foleni nzima ilikupigia makofi. Lakini ulirudi nyumbani na gunia limekunjwa kwapani, tupu, ukaliweka chini ya godoro taratibu. Ukatuambia, "Mashine imesema mimi si mimi." Ulicheka. Ndinda alikuwa mdogo, naye akacheka. Mimi nilianza kucheka, nikakuangalia machoni, nikaacha.

Baada ya hapo uliweka mkonge kando. Wiki tatu hukusokota hata kamba moja. Kila jioni ulijipaka mafuta ya mgando mikononi na kuvaa soksi za baba viganjani, nasi tukikuita bondia. Wiki ya nne mistari ilikuwa imerudi kwenye vidole, myembamba kama nyasi za kwanza baada ya mvua. Ulikwenda, mashine ikakukubali, ukarudi umejitwika.

Kwa hiyo nilijua, Mwaitu. Hilo ndilo linaloninyima pumzi. Katika ukumbi ule mzima nilikuwa mtu pekee aliyejua dawa.

Tulitumwa hapa Ekalakala siku ya soko, chini ya hema karibu na wauza mahindi. Kila karani alipewa hesabu ya kufikisha, majina hamsini kwa siku, na tuliambiwa wazi kwamba watakaoajiriwa ni watano tu, wale ambao orodha zao hazitakuwa na jina lililokataliwa. Wanaume wazee walipita vizuri. Halafu wakaja wanawake. Unawajua bila kuwaona: wameketi na mkonge mapajani hata wakiwa kwenye foleni, wanasokota huku wakisengenya, paja moja limeng'aa kama kigae. Wa kwanza alikuwa nyanya wa soko zima, Susu Kalondu, kikongwe mrefu mwenye jino moja la mbele na ulimi mkali. Aliweka kidole gumba. Mashine ikawaka nyekundu. Akaweka cha pili. Nyekundu. Alijaribu vyote kumi, akaniambia, "Mwanangu, hiki chombo chako kina haya. Kila kikiniona kinakuwa chekundu."

Nilicheka. Nilimpenda papo hapo. Na mdomo ulikuwa wazi tayari kumwambia, Susu, nenda upumzishe mikono wiki tatu, ujipake mafuta, urudi. Bwana Kyalo alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alinivuta nyuma ya hema. Hakunikaripia. Alizungumza taratibu kama mtu anayenifanyia hisani. "Mwende, uliuliza swali, sasa hili ndilo jibu. Mashine haitaki mtu, inataka alama. Wewe uko na vidole kumi vizuri, havijawahi kushika jembe. Kila mama atakayekataliwa, mkopeshe kimoja. Ila usirudie kimoja mara mbili, mashine itashtuka."

Nikamwuliza, "Na siku ya kuchukua chakula?"

"Siku hiyo si yetu. Sisi ni wa kuandikisha."

Nilirudi mezani. Nilimwambia Susu Kalondu aweke mkono wake juu ya wangu, nikasema mashine inahitaji kusaidiwa. Nikabonyeza kidole gumba changu cha kulia. Mashine ikawa kijani.

Unataka kujua alifanya nini? Alishukuru. Aliushika mkono wangu huo huo, akaufungua, akanitemea mate ya baraka kiganjani kama wazee wetu wafanyavyo, akasema, "Ngai akupe kazi, mwana wa mwenzangu." Nilikaa na mate yale mkononi, nikiogopa kuyafuta na nikiogopa kuyaacha.

Baada yake walikuja wengine wanane. Sitaki kukudanganya kwamba kila mmoja alinichoma kama wa kwanza. Kufikia wa tano nilikuwa nafanya haraka. Hayo ndiyo yanayonitisha zaidi nikikumbuka. Kidole cha shahada cha kulia ni Susu Kalondu... hapana, yeye ni gumba. Cha shahada ni Nthenya. Kile cha kati ni Mbula. Nawajua wote kwa mpangilio, nikinawa uso nanawa nao. Wanawake tisa, vidole tisa. Nilikibakisha kidole cha mwisho cha kushoto. Hakuna wa kumi aliyekuja, lakini hata angekuja sijui. Labda nilitaka pabaki mahali pamoja pa binti yako.

Orodha yangu ilisomwa mbele ya wenzangu. Haikuwa na jina hata moja lililokataliwa. Bwana Kyalo alisema, "Muigeni huyu msichana." Nikapata nafasi ya kwanza kati ya watano. Nilimpigia Ndinda simu na alipiga kelele hadi mwalimu akamnyang'anya. Nilitaka kukupigia wewe pia. Vidole vilienda kwenye jina lako kabla sijakumbuka.

Siku ya kuajiriwa ilikuwa Ijumaa. Tuliketi mbele ya meneja, kila mmoja na barua yake ya kazi. Kabla ya kutia sahihi, alisema, lazima aturekodi alama zetu kwenye mashine zile zile za usajili, ili kila asubuhi karani afungue mashine kwa kidole chake. Nilikuwa wa kwanza. Mwaitu, kuna ujinga ambao ni wa waliosoma peke yao. Nilijiandaa kwa maswali thelathini, nikasahau kwamba sina kidole.

Niliweka gumba la kulia. Mashine ilitafuta, ikatulia. Meneja akasoma, akaangua kicheko. "Karibu, Susu Kalondu! Miaka sabini na nne! Umekuja kutafuta kazi na hiyo miguu?" Watu walicheka, wakidhani ni hitilafu. "Weka kingine." Nikaweka. Akasoma, na safari hii hakucheka. "Nthenya. Ekalakala." Akasema polepole, "Weka kingine." Nikaweka. Nikamsikia mama wa chini akikata kitambaa. Bwana Kyalo alikuwa ametazama dirishani, anachunguza anga kama mtu anayengoja mvua.

Niliificha mikono nyuma. Meneja aliniambia nitoke. Barua yangu ilibaki juu ya meza yake.

Jumamosi Bwana Kyalo alinipigia. Sauti ilikuwa ile ile ya nyuma ya hema. "Nimekuombea. Meneja amekubali tusikuze mambo. Hivi, kuna kidole kimebaki?" Nilikikunja ndani ya ngumi. "Kuna kimebaki, najua, wewe ni mtu wa kuweka akiba. Kuja Jumatatu, uandikwe na hicho, utie sahihi, tunyamaze. Na ukumbuke mashine iliandika jina la karani. Si jina langu."

Nikamwuliza tena lile swali, wale akina mama siku ya kuchukua chakula itakuwaje.

"Wataambiwa warudi kesho," alisema. "Wamezoea."

Sijui kama aliendelea kuzungumza. Nilikuwa naliona gunia likikunjwa na kuwekwa chini ya godoro.

Usifikiri nilikuwa jasiri. Jumamosi nzima nilikuwa upande wa kazi. Nilimfikiria Ndinda na kidato cha nne. Nilifikiria polisi. Niliketi kitandani nimekishika kile kidole kidogo cha kushoto kwa mkono mwingine kama mtoto mwenye jeraha, nikajiambia, mtu ana haki ya kuishi kwa kidole kimoja. Jumapili nilienda misa na sikuweza kumpa jirani mkono wa amani. Jumatatu asubuhi nilivaa blauzi yako, nikashuka hadi stendi, nikasimama kati ya njia ya kwenda ofisini na gari la Ekalakala. Sikuamua kwa akili. Nilikumbuka tu ulivyosema mashine imesema wewe si wewe, na jinsi ulivyocheka ili tusiogope. Nikapanda gari.

Susu Kalondu alikuwa ameketi kivulini mwa ghala lake, anasokota. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa Kikamba, bila kupumzika. Alinisikiliza huku mkono ukiendelea kwenda na kurudi juu ya paja. Nilipomaliza, mkono ulisimama.

"Kwa hiyo huko kwenye chombo, mimi ni wewe."

"Ndiyo, Susu."

"Mimi ni kidole gani?"

"Gumba la kulia."

"Angalau ulinipa kikubwa." Alitabasamu kwa jino lile moja, nikadhani nimesamehewa, nikaanza kulia. Akaniacha nilie. Kisha akanyoosha mkono. "Sasa nirudishie mate yangu."

Sikuelewa.

"Nilikutemea baraka, nikidhani wewe ni karani. Nirudishie."

Mwaitu, hakuna mahali duniani wanafundisha cha kujibu hapo. Nilifungua kiganja, nikakitazama kana kwamba bado yamo. Alikitazama pia. Halafu akarudi kwenye mkonge wake, na mimi nikabaki nimesimama na kiganja wazi.

Baadaye nilimweleza kuhusu dawa yako. Kwamba lori la mwolyo limetangazwa mwisho wa mwezi, siku zinatosha, wakipumzisha mikono na kupaka mafuta alama zitarudi, nasi tutadai waandikishwe upya. Nilisema kwa furaha kidogo, kwa kuwa mwishowe nilikuwa na kitu cha kutoa. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa ya maji.

"Wiki tatu nisisokote? Kiondo kimoja ndicho unga wa wiki moja. Nitakula nini, msomi? Vidole vyako?"

Hapo ndipo nilipokuelewa. Imenichukua miaka hii yote na cheti juu yake. Wiki zile tatu za soksi, ulipokuwa unatuambia unga umekuumiza tumbo, unakunywa maji moto tu, mle nyie. Tulikula sehemu yako na kukuita bondia. Nisamehe, Mwaitu. Nilikumbuka dawa, nikasahau aliyeilipia.

Nilivua blauzi, nikabaki na fulana. Nikavuta sketi juu ya goti, nikaketi chini kando yake, nikasema, "Nifundishe. Nitasokota mimi, wewe pumzisha."

Alicheka hadi akakohoa. "Paja hili? Limelainika kama la mtoto mchanga. Litatoka damu."

Limetoka. Siku ya pili ngozi ilichubuka, ya tatu nikaifunga kitambaa nikahamia paja lingine. Kamba zangu ni nene hapa na nyembamba pale, Susu Kalondu anazishika juu na kuwaonyesha majirani, "Tazameni, nyoka aliyemeza panya." Lakini anazitumia. Wajukuu wa Nthenya na wa Mbula wameanza kuwasokotea nyanya zao, wengine wananiletea mkonge niwasaidie. Jioni akina mama tisa wanajipaka mafuta na kuvaa soksi. Nilisahau jinsi inavyochekesha.

Jumanne nilikwenda kwa naibu wa chifu. Ni mwanamume mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Aliandika maelezo yangu kurasa tatu, akisimama mara kwa mara kuniuliza kama nina hakika. Aliniambia hataki kunidanganya: jambo hili linaenda kwa polisi, na kampuni itasema karani alitenda peke yake. Tayari imesema. Bwana Kyalo amenitumia ujumbe mmoja tu: "Ulikuwa na kazi." Naibu ameandika barua majina yale tisa yafutwe na wanawake waandikishwe upya kabla ya lori. Hajajibiwa. Nimeambiwa nisitoke Ekalakala bila kumwarifu.

Ninaogopa, Mwaitu. Kila pikipiki ikipunguza mwendo hapo barabarani, naacha kusokota nikisikiliza. Ndinda bado hajui. Nitamwambia mwenyewe wiki hii, kabla hajasikia kwa watu.

Nilipomaliza maelezo, naibu alinisogezea karatasi nitie sahihi, kisha akanisogezea wino. "Na kidole gumba hapa chini."

Nilichovya kidole cha mwisho cha kushoto, nikakibonyeza pale. Aliniuliza kwa nini sikuweka gumba.

"Hilo si langu," nilimwambia.

Akaandika kando yake kwa herufi ndogo: kidole cha mwisho, kushoto, Mwende mwenyewe.

Siku zimesalia kumi na saba. Jana jioni nilishika mkono wa Susu Kalondu karibu na taa ya koroboi kuangalia. Sijui kama niliona mstari au niliutamani tu. Yeye aliangalia wangu. Alipitisha kidole chake juu ya gumba langu la kulia, taratibu, mara mbili. "Nimeanza kufutika kwako," akasema. Kuhusu mate hajasema kitu, na mimi siulizi.

Nakuaga hapa, kwa sababu kalamu inanitoka mkononi na kuna mkonge unaningoja. Lala, Mwaitu. Lori likija nitakuwa pale kwenye foleni pamoja nao, mashine iwe nyekundu au kijani, na hakuna kati yao atakayeambiwa arudi kesho huku nikiwa nimenyamaza. Baada ya hapo, nikiwa huru, nitakuja Wamunyu nikusomee barua hii kwa sauti, maana nilikuwa msomaji wako na sijaacha. Nikiwa si huru, Ndinda atakusomea. Na kile kiondo kwenye msumari asikiguse mtu. Sasa najua pa kuanzia.

Mimi binti yako,
Mwende